Bustani Isiyonyweshwa, Kibondo

Mwanzoni mwa miaka ya tisini tulikuwa walimu wawili wasichana, mimi wa Tanga, mwenzangu wa Moshi, tumepangiwa nyumba moja Kibondo. Uani palikuwa vumbi tupu. Maji yalikuwa chemchemini, bondeni, na kuyapandisha kichwani ilikuwa adhabu. Tukawekeana dau: tugawane ua, kila mtu apande kwake, maji marufuku. Mvua ya kwanza ikinyesha, ambaye nusu yake ina kijani kidogo kuliko ya mwenzake atateka maji ya nyumba muhula mzima.

Mwenzangu akapanda mawaridi siku hiyohiyo. Mimi nikasubiri kiangazi kikaze, nikazunguka mjini na daftari. Nikiona kijani uani mwa mtu, nabisha hodi: "Huu mnaumwagilia?" Aliyesema ndiyo, nilimshukuru nikaondoka.

Mzee mmoja mwenye uzio wa minyaa alicheka hadi akakohoa. "Mwalimu, nani anamnywesha mnyaa? Huo utakuzika."

Nikachukua minyaa miwili, nikaipanda kwangu. Lakini ulionikosha ni mti wenye majani marefu kama ya mahindi, umejipanga mashambani mistari kwa mistari, mbichi kabisa, hata mbuzi hawautaki. Niliomba vipande kumi na tano, nikavuta kamba, nikavichomeka katikati ya ua, pale nusu yangu inapokutana na yake, mstari umenyooka kama rula. Nilijisifu siku nzima.

Asubuhi jirani yetu, mama aliyetuuzia maharage, aliingia na wazee wawili na kibuyu cha pombe ya ndizi.

"Mmegombana nini, wanangu?"

"Hatujagombana, mama."

"Usinifiche. Mti huu ni mpaka. Ndugu wakigawana shamba la marehemu ndiyo wanaupanda."

"Tena mbele ya mashahidi," mzee mmoja akakemea. "Shahidi wenu nani?"

Mwenzangu akajiangusha mkekani. "Ni yeye, babu! Kanipa talaka!"

Nikakimbilia kung'oa. "Acha!" wazee wakapiga kelele pamoja. Anayeng'oa mpaka peke yake ni mwizi. Ilibidi tushike kila kipande wote wawili, tuvute pamoja. Tukavuta huku machozi ya kicheko yanatutoka, wazee wamenuna kama wako mahakamani. Kisha tukanyweshwa pombe ya mapatano.

"Sasa pandeni popote," mama akasema, "ila msipange mstari."

Kwa vichwa vile vyepesi, tulichomeka popote. Vingi viliangukia upande wa mwenzangu, kwenye mawaridi.

Mvua ilipokuja, mawaridi yalikuwa vijiti, na minyaa yangu miwili ilikuwa imeng'olewa na ng'ombe wa mtu. Mwenzangu akahesabu kwa sauti, kidole juu: kwake miti tisa mibichi, kwangu sita.

"Lakini yote niliichagua mimi!"

"Asante sana, mwalimu. Ndoo iko mlangoni."

Muhula ule nilipanda kilima kutoka chemchemini kila alfajiri, na kila nilipowakumbuka wale wazee walivyonuna, nilicheka hadi nikafika nyumbani na nusu ndoo, nimelowa.