Kundi la Mtu Mmoja

Mutheu alikuwa na notes nzuri kuliko sisi sote darasani, na aliziweka mahali pabaya kuliko sisi sote. Nasema hivi nikimpenda. Kwa miezi kumi na mmoja ya kusomea mitandao ya kompyuta pale chuoni Thika, kila alichofundishwa na kila kosa alilofanya alikiandika kwenye kundi la WhatsApp alilolifungua mwenyewe ili ajiandikie mwenyewe. Humo mlikuwa na amri za kuwasha switch, picha za nyaya, na katikati yake mambo ya moyoni: leo nimechoka, leo Njau amenisifu, leo naogopa. Ukitaka kitu cha mwezi wa tatu, unasukuma skrini mpaka kidole kinauma.

Mimi ni Ciku, wa Gitothua, na napenda vitu vilivyopangwa. Nilimsumbua sana. "Mutheu, tafuta app ya notes kama watu." Alijaribu tatu. Ya kwanza haikufunguka bila bundles. Ya pili ilimpa ukurasa mweupe mtupu, akasema unamtisha. Ya tatu ilikuwa ile yangu, yenye rangi na majedwali, na hiyo akaipenda. Sijajisamehe hadi leo.

Ilikuwa wiki ya mtihani. Kampuni moja ya intaneti Ruiru ilikuwa inachukua wawili kutoka darasa letu. Njau, mwalimu wetu, alitupa masharti Jumatatu: Ijumaa saa tatu asubuhi, kila mtu na kifaa chake kilichoharibiwa makusudi, akirekebishe. Ruhusa kusoma notes zako mwenyewe kwenye simu. Intaneti hakuna.

Wengine tuliitaka hiyo kazi. Mutheu ilikuwa lazima aipate. Kule kwao Gatuanyaga, mamake alikuwa ametangaza kanisani kwamba binti yake anasomea ualimu. Mutheu aliuacha ualimu baada ya muhula mmoja, akaja kwetu bila kusema neno nyumbani. Alijiapiza atamwambia mamake siku atakapokuwa na kazi mkononi, wala si kabla. Bila kazi, aliniambia, hana mdomo wa kufungua.

Jumatano tulikaa maabara ya kompyuta tangu asubuhi, yeye akihamisha kila kitu kutoka kwenye kundi hadi kwenye app yangu. Saa nane mtandao ulikatika, na hatukujua. App iliendelea kupokea maneno tu, ikionyesha alama ndogo pembeni kwamba haijahifadhi. Nani husoma alama ndogo? Saa kumi akamaliza, akajinyoosha, akatoka kwenye kundi na kulifuta kabisa simuni.

"Nisirudi kwa hiyo takataka tena," akasema. Nikampigia makofi, mimi mjinga. Kisha tukazima kompyuta, na za maabara zikizimwa hufuta kila kitu kilichobaki ndani.

Alhamisi alasiri, chumbani kwake kule Mwiki, alifungua app ili ashushe notes kwenye simu. Za mwanzo zilikuwepo. Kuanzia mwezi wa sita, hakuna. Zile ngumu zote, zile za kazi yenyewe, hakuna. Alifunga app, akaifungua tena, akaifunga.

"Chukua zangu," nikasema. "Njau hatajua."

"Zako ni rangi tu, Ciku."

Iliniuma, na ilikuwa kweli.

Saa kumi na moja simu yake ikalia. Mamake. Mutheu hakutaka kushika, lakini mama yako utamwacha apige mara ngapi? Aliiweka kwa spika, akaiacha kitandani. Mamake alianza kwa Kikamba, akanisikia nikikohoa, akahamia Kiswahili kwa heshima ya mgeni.

"Mutheu, simu yangu inasema mimi ndio admin sasa. Admin wa nini? Na wewe mbona umetoka?"

Mimi ndiye niliyeelewa kwanza. Siku ile anafungua kundi, simu ilikataa kundi la mtu mmoja, ikataka jina la pili. Alichagua la mamake, amtoe baadaye. Njau akaingia darasani, na baadaye haikufika. Mwanafunzi wa mitandao, na kwa miezi kumi na mmoja hakuwahi kuangalia ni nani yumo kwenye mtandao wake mwenyewe!

Mutheu alikaa sakafuni. Nilijua hafikirii mtihani. Mle ndani aliandika yote: kuacha ualimu, uongo wa likizo, na hofu ya siku mama atakapojua.

"Mwaitu," akamwita mama kwa Kikamba, kwa sauti ndogo, "hizo message bado ziko?"

"Ziko. Mimi sifuti kitu cha mtoto."

Nikaichukua simu, nikamweleza mamake: bonyeza moja usiachilie, halafu gusa zingine, halafu ule mshale. Aliniambia nisubiri avae miwani. Tulimsikia akipumua juu ya simu. Kisha akauliza, polepole:

"Nitume zote, ama zile za kazi peke yake?"

Mutheu alifunga macho. "Za kazi, Mwaitu."

"Haya."

Zikaanza kuingia, tano, kumi, tano tena, mpaka zikapita mia mbili. Hata moja ya moyoni haikuwemo. Ili aziruke zote namna hiyo, ilibidi awe anajua kila moja ilipo. Mutheu alilia huku akizihifadhi, na mimi nikalia pia.

Ijumaa kifaa chake kilikataa kuwaka mara mbili. Nilimwona akisoma simu, akifuta jasho, akijaribu tena. Mara ya tatu taa zikawa kijani. Saa sita Njau akasoma majina: Maluki na Mutheu. Langu halikuwepo, na nilinuna mpaka Jumapili.

Alimpigia mamake palepale langoni, kwa spika na kwa Kikamba, nami nilielewa vya kutosha.

"Nimepata kazi, Mwaitu. Si ya ualimu. Ualimu niliuacha mwaka jana. Lakini unajua. Umejua wakati wote huu."

"Nilisoma tu," mamake akasema. "Hukuwa unaniambia mimi. Sasa ndio umeniambia."