Jade ya Posa

Siku ya posa ya mdogo wangu wa kike, sebule yetu ya Doonside, huku ughaibuni, ilibeba watu kuliko treni ya asubuhi ya kwenda mjini. Msemaji wa ukoo nilikuwa mimi. Sifa yangu ni moja: nimehitimu shule ya jioni, somo la historia ya sanaa, na cheti changu kimetundikwa ukutani kwa misumari inayoweza kushikilia daraja.

Mchumba alitoka mtaa wa Cabramatta na bibi yake, kikongwe wa Kichina mdogo wa umbo, ambaye ungeweza kumpakia kwenye kapu la sokoni na bado pakabaki nafasi ya nyanya. Upande wetu alikaa shangazi, aliyetulea tangu kambi ya wakimbizi Tanzania, baba alipofariki. Katika ukoo wetu zawadi ya posa haipokelewi kwa maneno. Mkubwa wa nyumba huishika kwa mikono yake mbele ya watu. Asipoishika, wageni humaliza soda zao, hushukuru, na kurudi kwao na kijana wao.

Bibi akafungua kitambaa chekundu. Ndani mlikuwa na duara la jiwe la jade, kijani kama parachichi bichi, lenye tundu katikati. Juu yake alijikunja mnyama wa kuchongwa, mwenye mwili wa nyoka na miguu minne. Ukingoni palikuwa na madoa ya kahawia, kama udongo ulioganda.

Shangazi akanyoosha mikono. Kijana, kwa kutaka kuisifia zawadi, akasema kwa Kiingereza kwamba wafalme wa kale wa China walizikwa na mawe ya namna hii vifuani. Nikatafsiri. Mikono ya shangazi ikarudi mapajani.

"Mwambie mkwe," alisema kwa sauti ya kanisani, "sisi tumezika watu wa kutosha. Kitu cha kaburini hakiingii na harusi. Na huyo nyoka wa miguu wala simsemi."

"Si nyoka, shangazi. Ni joka."

"Ungeniacha tu na nyoka."

Mdogo wangu alinitazama kwa macho makubwa kama sahani za pilau.

Nikalipeleka jiwe dirishani. Darasani tulifundishwa kwamba kwa karne nyingi mafundi wa China wamechonga jade kwa kuiga kazi za kale, kisha wakaitia rangi na moto kidogo ionekane imelala ardhini. Madoa ya jiwe hili yalikaa juu juu, na yalifuata mistari ya nakshi kwa adabu mno. Udongo hauna adabu hiyo. Lakini ningeyasemaje? Nikinyamaza, jiwe ni la kaburini. Nikisema ni la kuiga, nimemwaibisha mgeni mbele ya ukoo mzima kwamba kaleta feki.

Nikamwomba kijana amuulize bibi yake, kwa heshima zote, jiwe limetoka wapi. Bibi alicheka mpaka kitambaa kikamdondoka.

"Anasema limetoka kwa fundi," kijana alitafsiri kwa Kiingereza huku masikio yakimwiva, nami nikamfikishia shangazi. "Babu alimwagiza alichonge kwa mtindo wa kale, walipooana. Fundi alikuwa anakuja kula kwao, na chakula kilikwisha kabla jiwe halijakamilika. Anauliza ni nani aliyesema ni la maiti. Yeye hawezi kulala nyumba moja na jiwe la maiti."

"Na hayo madoa?" shangazi akauliza.

"Aliyatia fundi. Lilipokuwa jipya babu alisema linafanana na sabuni."

Shangazi akaliangalia tena jiwe mikononi mwangu.

"Kwa hiyo ni la ndoa yake."

"Ndiyo, shangazi," nikasema.

"Waliishi pamoja mpaka lini?"

"Mpaka bibi alipomzika," kijana akajibu.

"Waligombana?"

Kijana akanitazama. Nikampa ishara atafsiri tu. Bibi alijibu kwa kirefu, na mikono yote miwili.

"Kila siku," akasema kijana. "Kuhusu chumvi."

"Hiyo ndoa ilikuwa ya kweli," alisema shangazi. Akalichukua jiwe kwa mikono miwili, akasema lina baridi, akalifunika kwa kitenge chake lipate joto. Mdogo wangu aliondoka mbio kwenda jikoni kupakua wali kabla mtu hajabadili mawazo.