Mjukuu Wangu Hunipigia Simu Akiwa na Swali la Google Tu

Admin, jina langu ulifiche vizuri, maana mtu ninayemsema anasoma hii page. Mimi ni mama wa miaka sabini na moja, naishi upande wa Kiritiri. Shule niliachia darasa la nne na haya nimeandika mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa hivyo asije mtu kunisahihisha. Mzee wangu alishazikwa. Watoto wangu wako Nairobi, wananitumia pesa ya unga, Mungu awabariki, lakini sauti zao nazisikia Krismasi. Jioni mbuzi wakishaingia zizini nafunga mlango na kuongea na redio. Ndiyo, najibizana na redio. Cheka, ukimaliza usome.

Kuna mjukuu wangu msichana niliyemlea mwenyewe, sasa yuko Embu mjini. Alimaliza chuo, kazi ikakosa, akafungua tovuti yake ya mambo ya mbuzi na mazao ya sehemu kavu. Aliandika weee, hakuna mtu aliingia. Siku moja akaja hapa kwangu mimi cucu yake, amenuna.

"Cucu, wenye pesa wanalipia matangazo wanawekwa juu. Mimi hata ya nyumba sina."

"Na hao watu wanaingia huko Google kutafuta nini?"

"Wanauliza maswali. Wewe andika tu neno mbuzi uone."

Akaniwekea simu mbele ya macho. Kweli, ukianza kuandika, maswali ya watu yanajipanga yenyewe hapo chini. Mbuzi amekataa kunyonyesha mtoto, nifanye nini? Kunde zinaliwa na wadudu, nifanye nini? Nikamwambia, "Na hawa ni watu wazima? Wewe umekuwa ukiandika nini hapo, kama si majibu ya haya?" Akasema alikuwa anaandika kuhusu umuhimu wa kilimo. Umuhimu! Nikamkalisha chini. Nilikuwa nachambua ndengu, nikamjibu swali moja baada ya lingine mpaka sinia ikaisha. Nilimwambia mbuzi akikataa mtoto unampaka huyo mtoto chumvi kidogo mgongoni, mama anaanza kumlamba, na unamshika mama mguu mpaka mtoto anyonye. Yeye akaandika vile vile nilivyosema.

Watu wakaanza kuingia bila yeye kulipa hata shilingi. Jirani yangu akaanza kunitania sokoni, "Google ya Kiritiri, umeamkaje?" Nilijivuna, nisidanganye. Lakini mtoto mwenyewe, baada ya kubeba yale maneno yote, akanyamaza msimu mzima wa kupanda. Hata kuuliza kama nimepata mvua hakuuliza.

Maneno yalipomwishia, simu ikalia.

"Cucu, kuna swali hapa."

"Hata salamu hakuna?"

"Oh, pole. Umeshindaje? Sasa, mtu anauliza mtama wake unaliwa na ndege..."

Hapo ndipo nikapata akili, au nikaipoteza, mtaamua ninyi. Nikamjibu nusu. Nikamwambia, "Hiyo ingine imenitoka kichwani, nipigie kesho." Na kesho yake akapiga! Tangu siku hiyo ninampimia maneno kama mtu anapima mafuta ya taa. Leo kidogo, kesho kidogo. Jioni nakaa na simu mapajani, nimeshaoga, kama msichana anangoja barua. Na akishapata jibu lake tunaongea mengine kidogo, ananiambia amepika nini, mwenye nyumba amemtukana vipi. Hicho kidogo ndicho ninachokitaka. Mbuzi ni sababu tu.

Sasa sikilizeni shida. Kuhusu kunde za kuweka kwa gunia, aliponiuliza baadaye, nilimwambia achanganye na jivu lililochekechwa. Sikumwambia kwanza zianikwe mpaka ukiuma moja ilie ka! kwenye jino. Hiyo nilikuwa nimeiweka ya kesho. Yeye kwa haraka akaiweka kwa tovuti hivyo hivyo. Mama mmoja wa Kianjai akafuata, gunia lake lote likaota ukungu, akaandika hapo chini matusi ambayo siwezi kurudia. Mjukuu akanipigia analia.

"Cucu, watu wanafungua, wanaona jibu halijakamilika, wanatoka. Google nayo inaona. Nilikuwa ukurasa wa kwanza, sasa siko hata wa tatu. Kuna mwenye duka la dawa za mifugo alikuwa anataka kuweka bidhaa zake kwangu, amenyamaza."

Nikamwambia alie amalize.

Halafu akapangusa pua, akasema, "Nimeamua. Jumamosi nakuja na simu ya kurekodi. Tutakaa siku moja, unaniambia kila kitu unachojua mpaka mwisho. Halafu sitakusumbua tena."

Kwani ni nani alimwambia ananisumbua? Lakini sikusema hivyo. Nilisema, "Sawa, njoo." Mimi sijawahi kumwomba mtu aje anisalimie, na sijui nianzie wapi na mtoto niliyembeba mgongoni.

Sitaki kusikia "pole shosho." Pole naipata kanisani kila Jumapili, tena wanaisema wakitembea. Nataka jibu. Nikimpa yote, kazi yake itasimama, atalipa nyumba, na hii simu italala kimya mpaka Krismasi. Nikibakisha, ataendelea kunipigia huku namvunjia kazi, na mwingine ataozesha kunde zake kwa sababu yangu. Au nimwambie ukweli, kwamba nilikuwa nanunua sauti yake? Akinicheka je? Akianza kunipigia kwa huruma je? Hiyo ya huruma ndiyo mbaya zaidi.

Jumamosi ni kesho kutwa. Semeni haraka, ninyi mliosoma, nimfungulie mdomo kiasi gani?