Mganga Mwenye Mdomo

Tsofa anaosha magari pale Ukunda, lakini kwao ni Kinango, na ukianza kubishana naye utalala hapo hapo. Jumapili mchana tunakutana dukani kwa Husna, fundi simu, tunacheza ule mchezo wa hadithi: kila mtu ana mhusika wake, Husna anasimulia, dadu zinaamua.

Mwanzoni kila mtu aligawa namba za nguvu za mhusika wake: akili, busara, haiba na nyinginezo. Tsofa alichagua mganga, na namba yake kubwa akaitia kwenye haiba. Hakuuliza mtu. Babu yake alikuwa mganga kweli, na alivyomwona, mganga ni mdomo: kayamba lilie, majigambo yatoke, mgonjwa aamini.

Kumbe mle mchezoni kila uchawi una mlango wake. Anayeusoma vitabuni hutegemea akili. Mghani, na yule aliyezaliwa nao, ni haiba. Mganga ni busara, na busara ya Tsofa ilikuwa ya kuku. Akitibu, jeraha linafunga kidogo tu. Twaiba, mwenye shujaa wa upanga, akambandika jina la Daktari Mate.

Husna alimwambia apange namba upya, au basi awe mghani, hakuna atakayemcheka. Akakataa. Alisema babu yake hakurudi tumboni kuzaliwa tena eti wagonjwa wamelalamika.

Jumapili iliyopita tukaingia pango la jini. Likampiga Twaiba akaanguka, roho iko kooni, na kwetu mhusika akifa hafufuki. Twaiba kamlea yule shujaa tangu siku ya kwanza. 

Zamu ikawa ya Tsofa. Nikamwambia amtibu haraka.

"Nikimtibu sasa atainuka na uhai wa sisimizi," akasema. "Jini linampiga tena, amekwisha."

"Kwa hiyo utamwacha?" Twaiba akauliza.

Tsofa akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali, akamtazama Husna kana kwamba ndiye jini.

"Shikamoo, mwenye pango."

Akaomba radhi kwamba tuliingia bila hodi, mikono mitupu, wala marashi wala halua, tabia ya watu wasiolelewa. Akalisifu jini, akawasifu na wazazi wake. Akaomba ruhusa amfunge mgonjwa wake jeraha, kisha yaongelewe yote kwa adabu.

Husna akacheka, akamwambia arushe dadu kwa haiba. Ikaanguka vizuri, na ile namba yake kubwa ikaongezwa juu. Jini likakaa chini kusikiliza.

Twaiba akarusha dadu yake ya kupigania uhai, roho ikashika. Hapo ndipo Tsofa akaanza kutibu, kidogo, tena kidogo, na kila jini likitaka kuinuka analiuliza habari za wajukuu. Mwisho Twaiba akasimama na upanga mkononi, akauliza kama sasa anaweza kulipiga.

"Hebu kuwa na adabu, dada," Tsofa akamwambia.

Tukatoka pangoni kinyumenyume, yeye bado anaongea.