Rede ya Dirishani

Wifi yangu Kokuberwa, mke wa kaka yangu Revelian, ni mwalimu wa sekondari hapa Boko. Mpole kupitiliza! Ukimkanyaga, anakuomba radhi yeye. Mie sipo hivyo, na ndiyo maana tunapendana.

Mwaka mzima alikuwa akirudi kazini anapika, anasahihisha madaftari, kisha anakaa na kompyuta kutengeneza gemu ya simu. Gemu ya rede, ule mchezo wetu wa wasichana: wawili wanarushiana mpira, wa katikati anaukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Alipoiweka mtandaoni watu wakaipakua, wakaisifia. Mie huyo Boko nzima natembea kifua mbele, utadhani nimeitengeneza mwenyewe.

Ndipo akaja Zubeda wa Temeke. Kwenye grupu la wapenzi wa gemu akaandika: "Hii siyo rede. Chupa ikijaa mnashangilia, mmemaliza? Sie tulikuwa tunaimwaga, tunairuka, ndipo umeshinda. Aliyetengeneza hii hakuwahi kucheza. Alikuwa anachungulia dirishani."

Weee! Grupu likawaka moto. Wa Koku huku, wa Zubeda kule, hadi aliyeuliza kwa upole gemu inapakuliwaje akatukanwa. Mie nilipandwa na mori, nikaanza kumwandikia huyo Zubeda maneno ambayo siwezi kuyatamka mbele ya mchungaji. Nikainua macho nimwonyeshe wifi, nikamkuta analia.

"Wifi, usimtukane," akasema. "Ni kweli, nilikuwaga dirishani. Mama hakutaka nichafue gauni. Wenzangu wananiita, mie nawapungia mkono tu. Na chupa ikijaa walikuwa wanashangilia kwa nguvu, basi mama anakuja kufunga dirisha. Yaliyofuata sikuwahi kuyaona."

"Kwa hiyo?"

"Kesho naifuta. Nitawatazamaje wanafunzi wangu?"

Jamani, iliniuma! Mwaka mzima wa kusinzia juu ya kompyuta, uishe kwa maneno ya mtu mmoja? Lakini huyo mtu alikuwa amesema kweli, na ukweli hautukaniki. Nikafuta yangu yote niliyoandika.

"Kabla hujaifuta," nikamwambia, "mwambie hivyohivyo ulivyoniambia mie."

Akaandika habari za gauni, mama na dirisha. Kisha Zubeda akajibu: "Dada yangu, nisamehe. Mie nilikuwa nachamba tu kwa mdomo, sikujua nagusa kidonda. Jumamosi njoo Temeke. Vaa gauni bovu."

Tukaenda. Nilijiandaa kukutana na jini. Kumbe ni mama mnene, mcheshi, kakusanya shosti zake uwanjani na mpira wa soksi uko tayari. Wifi yangu akaingia katikati, mtu mzima na heshima zake, akapigwa mpira wa mgongo papo hapo. Akarudi, akapigwa tena. "Koku, inama!" Sauti ilinikauka kwa kupiga kelele. Hatimaye akaanza kukwepa, akachota mchanga, chupa ikajaa, naye akasimama kusubiri makofi.

"Mwaga!" tukamfokea wote.

Akamwaga, akairuka chupa, akacheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga. Na gauni lake lilichafuka, lilichafuka haswa.

Gemu hakuifuta, aliirekebisha. Sasa chupa ikijaa lazima uimwage na uiruke. Na pembeni ya uwanja ameweka nyumba yenye dirisha, na dirishani kasimama msichana wa gauni la Jumapili. Ukimgusa kwa kidole, anaruka nje kuja kucheza.

Zubeda naye hakosi neno. "Gauni refu mno hilo," akaandika siku ileile. "Mtoto atashindwa kukwepa, atapigwa huyo."

Nikamshika wifi bega nione atajibu nini. Hakulia wala hakuomba radhi. Aliandika akitabasamu: "Mwache apigwe. Kasubiri sana."