Vidonge Kwenye Sahani ya Jirani

Nilirudi Mombasa miaka ya tisini na diploma ya ufamasia ambayo hakuna mjomba wala serikali iliyonilipia. Ada niliitolea jasho, kwa kupakua mizigo na kuosha sufuria za watu. Nilipofungua duka langu la dawa Bondeni, diploma hiyo niliitundika karibu na mlango ili hata mpita njia aisome.

Kwa hivyo mama alipochomwa mguu na mwiba wa samaki, ukavimba hadi kifundoni, nilimtibu mwenyewe. Nilimpa dozi kamili ya vidonge vya rangi mbili, nikamwambia ameze mpaka chupa iishe. Uvimbe ukanywea. Nikatamba barazani kwetu Mji wa Kale: "Mmeona kazi ya msomi?"

Ijumaa, baada ya swala, nilimkuta anatetemeka kwa homa. Mstari mwekundu ulikuwa umepanda kutoka kidondani hadi karibu na goti. Hapo mtu hupoteza mguu, au roho. Nikashika chupa: tupu, na dozi haijafika hata nusu ya siku zake.

"Hodi!" Jirani wa mlango wa pili aliingia na sahani yetu, imefunikwa kawa. Ndani mlikuwa na vitumbua, na kando yake vidonge viwili vya manjano.

"Shoga, jino limetulia. Sahani hairudi tupu, nimekutilia tena vile alivyobakisha mume wangu."

Nilimwonyesha mama ile chupa tupu.

"Mama, umegawa dozi?"

"Nimemmegea tu. Nimtizame mwenzangu akilia na jino, na mimi nna dawa kabatini?"

"Na hivi vya manjano unameza?"

"Tangu juzi. Si zote dawa?"

"Leo msomi kapatikana!" jirani alicheka. Kisha akauona mguu, kicheko kikamkauka.

Huku namvisha mama buibui twende hospitali, nilipayuka. "Bakteria hujijengea ukuta. Dawa yangu huuharibu wanapoujenga, wakapasuka. Wanyonge hufa mwanzo, ndiyo uvimbe unanywea. Wale sugu wanataka kipigo kiendelee. Ukiacha katikati, wao ndio wanaozaa. Na hivi vya manjano vinawalaza wasijenge. Sasa dawa yangu imvunjie nani ukuta?"

"Na hao wa jino langu?" jirani aliuliza taratibu, mkono shavuni.

"Nao hali yao ni hiyo hiyo: nusu dozi. Twende sote."

Mama alilazwa, akatiwa dawa kali kwa mshipa. Nisingeujua ule mstari, leo angekuwa na mguu mmoja. Hilo nalisema popote. Siku mstari ulipoanza kushuka, mgonjwa wa kitanda cha pili aliguna kwa maumivu. Mama aliitazama chupa yake ya dawa iliyoning'inia juu, akaufuata mpira kwa macho mpaka mkononi mwake.

"Niwie radhi, mwenzangu," alimwambia. "Hii wamenifungia mkononi. Ningekumegea."

Muuguzi alicheka. Mimi nilisogeza kiti, nikakaa baina ya vile vitanda viwili.