Kibuyu cha Maziwa na Jicho la Mama

Kanisani wanatufundisha kusamehe hata saba mara sabini. Mimi kwa mama mkubwa sijafika hata mara ya kwanza, na sioni aibu kusema hivyo. Alikuwa mke wa kaka mkubwa wa baba, nyumba yake na yetu zilitenganishwa na shamba la mahindi tu, na ndiye aliyesema mama yangu ana jicho.

Mwenye jicho kwetu si mchawi. Hajapanga ubaya wowote. Anamtazama tu mtoto anayekula, basi chakula kinageuka tumboni, tumbo linavimba, mtoto anahara. Dawa yake ni kuitwa huyo mwenye jicho, apewe maji, ayasukutue kinywani na kumtemea mtoto tumboni. Akikataa, anataka mtoto afe. Akitema, amekiri. Aliyebuni dawa hiyo alihakikisha mtu hatoki.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya mzungu, nami nasoma shule ya misheni. Kitindamimba wa mama mkubwa aliugua surua, ikafuatiwa na kuhara kubaya, na alipoinuka alikuwa amebaki macho na mbavu. Mama alimwonea huruma. Sisi tulikuwa na ng'ombe wa maziwa, wao hawakuwa naye. Basi kila asubuhi mama alijaza kibuyu akavuka shamba, kwa sababu nyumba yenye mgonjwa huiendei mikono mitupu. Na kwetu zawadi ya mgonjwa haifichwi jikoni. Mwenye nyumba anaimimina pale pale na kumnywesha mtoto, mgeni aone kwamba imepokelewa kwa moyo mweupe. Mama alikaa kwenye kigoda akimtazama mtoto anavyokunywa, na alifurahi. Mara nyingi nilikuwa naye. Kabla hatujaaga, tumbo la mtoto lilianza kunguruma, akajikunja, akaharisha majimaji yenye povu.

Mama mkubwa akajumlisha. Mke wa shemeji amekuja, mtoto amehara. Amekuja tena, amehara tena. Kibuyu hakukijumlisha, kwa kuwa maziwa ni maziwa, nani amewahi kuyashuku?

Jumapili moja baada ya ibada mama aliitwa uani kwao. Wanawake walikuwa wamesimama wanangoja, wengine bado na vitabu vya nyimbo mikononi. Mama mkubwa alimpa kikombe cha maji. Mama akamtazama baba, na baba akatazama chini. Akasukutua, akamtemea mtoto tumboni, akarudisha kikombe kwa mikono miwili kama ilivyo adabu. Nilisimama kando ya ghala na nikaapa kwamba siku moja mama mkubwa atashika kikombe kama kile.

Aliambiwa asikanyage tena uani kwao, na maziwa yakakoma pamoja naye. Haukupita muda mrefu tumbo la mtoto likatulia, akanenepa. Ushahidi gani tena ulitakiwa? Mama mkubwa alizunguka nao mpaka sokoni. Tangu hapo mama akipita, wanawake walifunika bakuli za watoto wao kwa leso. Kwenye sherehe alikalishwa jikoni nyuma, ageukie moto. Lisemwalo lipo, walisema, kama halipo laja. Naye hakujitetea hata siku moja, na hilo lilinichoma kuliko leso zote.

Bendera ilipobadilishwa nilikuwa kwenye mafunzo ya uuguzi, na baada ya miaka michache nikapangiwa kliniki ya watoto mjini Kakamega. Hapo ndipo nilipokutana na daktari wa matumbo ya watoto. Alikuwa Mhindi mzaliwa wa Kisumu, amesomea ng'ambo tumbo peke yake, jambo lililowachekesha akina mama: mtu mzima, miaka yote hiyo, tumbo tu! Kiswahili chake kilikuwa cha dukani na Kiluhya hakujua, kwa hiyo maneno ya wagonjwa yalimfikia kupitia mdomo wangu.

Waliletwa watoto wa kila namna. Wenye minyoo, wenye choo kigumu kama kokoto, wanaocheua kila wanachonyonya, na wanaohara ambao nyumbani walinyimwa maji ili kuhara kukauke. Yeye aliuliza mambo yale yale kwa wote: amekula nini, kimetoka nini, nionyesheni nepi. Alikuwa akiinusa bila kukunja uso.

Siku moja mwanamke wa Malava alileta mtoto aliyekuwa akihara povu tangu alipotoka kwenye surua, makalio yamechubuka mekundu. Daktari alichukua choo kidogo, akakichanganya na dawa ya buluu ndani ya kichupa, akakichemsha juu ya moto. Buluu ikageuka rangi ya chungwa. Akaniambia nimweleze mama huyo kwamba mtoto aliyehara sana utumbo wake huwa umechubuka ndani, na kwa muda hauwezi sukari iliyo kwenye maziwa. Amnyime maziwa ya ng'ombe, ampe uji wa wimbi na njugu karanga, na utumbo ukipona atayanywa tena.

Nilitafsiri nusu nikanyamaza. Niliona kigoda, nikaona kibuyu, nikaona mama anavyotabasamu. Daktari akaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana. Lakini nilikuwa nimejaa hasira, kwa kuwa sasa nilijua sababu, na mtu wa kuibandika usoni nilimjua.

Sikukimbilia nyumbani kumwambia mtu. Maneno yangu peke yangu mama mkubwa angeyapangusa kama jasho. Niliamua kungoja, maana nyumba ile ilijaa wajukuu, na surua haikuwa imekwenda popote. Mvumilivu hula mbivu, nami nilikuwa na njaa ya miaka.

Mama mkubwa alikuja msimu wa mvua, amembeba mjukuu aliyetoka kwenye surua na sasa anahara, aliyeachiwa na binti yake anayefanya kazi Mumias. Tumbo lilikuwa limejaa kama ngoma, mtoto analia bila machozi. Aliponiona na kofia yangu nyeupe alisita mlangoni. Nilimkaribisha kwa heshima zote, shikamoo mama mkubwa, pita hapa. Mtoto nilimhudumia kama wangu: nilimpa maji kwa kijiko, nikampeleka mbele ya foleni. Ugomvi wangu haukuwa naye. Daktari alimpima, akachemsha kichupa, na chungwa likatokea tena.

Mama mkubwa alizungumza nami Kiluhya, kwa sauti ya chini. Mimi nilimjibu Kiswahili, na kwa nguvu, ili akina mama wote waliojaa kwenye benchi wasikie, naye ikambidi anifuate kwa Kiswahili.

“Huyu ameangaliwa na nani, mama mkubwa?”

“Hakuna mtu. Kwangu watu hawakujanga.”

“Mama yangu amekanyaga kwako?”

“Hapana. Miaka mingi.”

“Na maziwa, anampa nani?”

Akatazama benchi, akanitazama mimi. “Si ni mimi nampeanga. Nilinunua ng'ombe.”

“Ukimpa unamwangalia?”

Akamwinamia mtoto. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikaeleza yote mbele ya benchi, utumbo uliochubuka, sukari ya maziwa, na kwamba kitindamimba wake alipona kwa sababu kibuyu kilikoma. Kisha nikajaza kikombe maji nikamwekea mkononi.

“Mtemee,” nikamwambia. “Jicho ni lako.”

Alikipokea kwa mikono miwili. Benchi zima liligeuka kutazama. Daktari akauliza kuna nini, nikamjibu kwamba mama ana kiu. Hakutema, na wala sikumlazimisha, lakini nilimwacha amekishika muda wa kutosha kila mtu amwone. Nasema wazi kwamba nilifurahi. Ningeweza kuimba.

Bado sikuwa nimeshiba. Mtoto alipopona nilimpa sharti langu, na alijua kwamba nikitaka habari ya kikombe itafika sokoni kabla yake. Amlete mjukuu kwa mama. Ale pale, mbele ya macho ya mama, na wanawake wa kanisa wawepo. Alikubali kwa kichwa.

Jumapili iliyofuata mama alichinja mwenyewe ingokho, kuku wa kumheshimu mgeni. Siku za nyuma nilikuwa nimemweleza habari ya maziwa, akasikiliza mpaka mwisho, akasema tu, “Kumbe,” kisha akaenda kukamua. Mama mkubwa alikuja na wanawake wale wale, wamezeeka kidogo. Aliomba msamaha kwa maneno mafupi. Mama akamwambia yamepita. Kwangu hayakuwa yamepita, nilikuwa nangoja mtoto ale.

Mtoto aliwekewa obusuma, ugali wa kwetu, na paja la kuku kwenye sahani ya bati, katikati ya chumba. Nikavuta kigoda, kile kile cha zamani, nikakiweka mbele yake, nikamwambia mama akae. Akakaa. Wanawake wote walikuwa wanatazama. Mtoto akamega tonge, akafungua kinywa.

Mama akageuza uso ukutani.

Nilidhani anaficha machozi. Nikamgusa bega, nikamwambia amtazame mtoto, sasa kila mtu anajua, hana jicho. Akatikisa kichwa. Shingo yake ilikuwa imekakamaa, mikono imebana magoti. Nikakumbuka basi kwamba hata sisi, watoto wake, tangu Jumapili ile ya kikombe alikuwa akitupakulia na kutoka nje. Mimi nilidhani ana kazi nyingi.

Nilimtazama mama mkubwa. Alikuwa ameinamisha kichwa, na nikaona kwamba hakuna kikombe duniani cha kumpa kikatosha. Mtoto alikula kwa furaha, akalamba vidole. Alisikika yeye tu anavyotafuna.

Mama, bado ameelekea ukutani, akauliza kwa sauti ndogo, “Amemaliza?”